Mkate wa Baba kwenye Msumari

Urgench, 18 Januari 1998

Mdogo wangu Ergash,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mastura na goti lake, nawasalimu wajukuu mmoja mmoja, na yule wa mwisho umbusu kwa niaba yangu maana mimi sijamtia machoni. Huku tu wazima. Baridi imekaza hadi bomba la uani limepasuka. Azamat amelifunga kwa matambara, akaniambia mama, ngoja joto lirudi. Mke wake ni mjamzito, anakula matikiti niliyotundika ghalani kana kwamba ni karanga.

Sasa kaa chini, maana najua barua zangu unazisoma umesimama mlangoni.

Mwezi wa sita naenda Istanbul. Naenda na wenzangu wa upatu, wale niliosoma nao chuo cha ualimu: Zulhumor, Oydin na Bibijon. Miaka yote hii tumekuwa tukikusanyika kwa mmoja wetu, tunakula, tunawasema waume, walio hai na waliokufa, na mmoja anaondoka na mchango. Mwaka huu tumekubaliana hapokei mtu. Tunakata tiketi.

Hatuendi kuchuuza. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemwambia ameniagiza koti la ngozi. Tunaenda kuangalia tu. Nimefundisha jiografia tangu nywele nyeusi hadi hizi nyeupe, nimepitisha fimbo juu ya bahari zote za ramani, na sijaiona hata moja. Ile ya Aral ilikuwa jirani yangu. Siku nilipopata ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi, tulikuta meli zimekaa mchangani na ng'ombe wamelala kivulini mwake, bahari yenyewe imeshakimbia. Upepo ukivuma kutoka kule, vumbi la chumvi linaingia mpaka kwenye chai. Chumvi yake naila kila siku, Ergash, lakini bahari sijaiona.

Nina ombi moja. Nataka mkate wangu wa safari ukae nyumbani kwetu. Nitauma kipande hapa, uliobaki nitautuma kwako, uutundike ukutani kama unavyotundikwa wa kila msafiri, unisubiri hadi nije niumalize. Najua ukuta wa chumba cha mama una msumari mmoja, na msumari huo una mwenyewe. Gonga wa pili kando yake.

Dada yako,
Hosiyat


Margilan, 9 Februari 1998

Dada,

Barua imefika. Sisi hatujambo. Mastura anasema goti limeitikia salamu, halafu likaendelea kuuma. Mjukuu mdogo ameota meno mawili na ameshamng'ata paka. Nimeweka mtande mpya wa hariri kwenye mtambo wa kufumia, nyekundu na kijani, wa harusi ya binti wa jirani, na macho yananisumbua taa ikiwa ndogo.

Kuhusu hiyo safari, mimi sikubali. Wewe ni mjane, umevuka sitini, na mtaa huu bado unakujua. Watasema Ergash ameshindwa kumtunza dada yake, sasa anabeba mabegi na wachuuzi. Usiniambie mnaenda kuangalia. Hakuna mtu mwenye akili anayevuka nchi tatu akaangalie kitu halafu arudi mikono mitupu. Ukitaka kuangalia, njoo uangalie huo mforsadi ulioupanda mwenyewe, umefika juu ya paa.

Na bahari ni maji. Maji yapo mferejini mbele ya nyumba.

Zulhumor namkumbuka. Ni yule aliyekuja harusini kwako akapotea njia ya kwenda msalani. Huyo ndiye atakayekuongoza Istanbul?

Nimesema. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi nimesema.

Ergash


Urgench, 1 Machi 1998

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, za paka pia. Huku bomba limepona, Bibijon ameugua mafua akapona, na mke wa Azamat sasa ananyonya chaki, kwa hiyo nadhani ni mvulana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja, mkate. Nimeona goti, nimeona mfereji, nimeona msala wa harusi yangu. Mkate sijauona. Nilipokuwa natahini wanafunzi, yule aliyejibu maswali yote akaruka moja, ndilo hilo nililomwuliza tena.

Basi naliuliza tena. Utanitundikia mkate wangu au hutanitundikia?

Najua unachokiogopa ingawa unajificha nyuma ya midomo ya majirani. Baba aliuma mkate asubuhi ile alipokwenda vitani, wewe ukiwa tumboni. Mama aliutundika, na alama ya meno ikielekea mlangoni. Karatasi ya serikali ilipokuja ikisema hajulikani alipo, mama aliamua kwamba mtu asiyejulikana alipo yuko njiani. Tangu hapo hakuna aliyeuma mkate wa safari ndani ya nyumba yetu. Ulipoitwa jeshini mama aliificha mikate yote kapuni usije ukauma kwa bahati mbaya. Mimi niliolewa nikaja huku jangwani na uji tumboni, kama mtu anayekwenda kisimani.

Mimi sijawahi kusubiriwa na mkate, Ergash. Nataka nisubiriwe.

Mambo mengine ni haya. Tumeapa, sisi wanne, kwamba hatutanunua chochote zaidi ya chakula na tiketi za mashua. Zulhumor ameapa huku amefumba macho, kwa hiyo simwamini. Ruhusa ya kutoka nimeshaiomba.

Hosiyat


Urgench, 20 Aprili 1998

Ergash,

Navruz imekuja imepita na mwaka mpya wake, uji wa sumalak tumeupika usiku kucha, tumeula, tumeugawa, na kutoka kwako hata salamu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimechoka kuusubiri huo mshindo, kwa hiyo nagonga ngoma mwenyewe.

Azamat amepata binti. Jina wamempa Hayriniso, la mama yetu. Mimi nililia, wakadhani ni furaha tu.

Sasa sikiliza neno ambalo mama alinikataza kukwambia. Yeye yuko kwa Mungu, na nadhani huko anajua zaidi kuliko alivyojua hapa.

Unamkumbuka Sotiboldi, mzee wa mguu mmoja aliyekuwa akiuza mbegu za maboga sokoni? Vita vilipokwisha alikuja kwetu. Wewe ulikuwa mdogo, umelala. Mimi nilikuwa chini ya mfarishi wa ile meza ya kujipashia joto, miguu karibu na makaa yaliyo chini yake, nikijifanya nimelala. Alimwambia mama kwamba yeye na baba walikuwa pamoja Kerch, ufukweni mwa Bahari Nyeusi, na kwamba baba hakuvuka maji wakati wa kurudi nyuma, alifia pale. Jioni moja kabla ya mambo kuharibika, baba alishuka hadi majini. Akachovya kidole, akakilamba, akacheka peke yake. Sotiboldi alimwuliza unacheka nini. Baba akasema, "Ni chumvi kweli. Hosiyat hataamini."

Mama alimpa Sotiboldi chai, akamsindikiza, akarudi, akaupangusa ule mkate vumbi kama kawaida. Akaniambia, "Ergash asisikie. Mtoto aachwe angojee."

Hiyo ndiyo jiografia yangu, mdogo wangu. Sikuisomea chuoni. Istanbul ina mashua inayopanda mlangobahari mpaka Bahari Nyeusi inapoanzia, maji yale yale. Nataka nikachovye kidole. Nataka nimwambie baba kwamba nimeamini.

Naenda, kwa baraka zako au bila. Lakini bila baraka zako nitakwenda nikiwa na uchungu, na hilo nalisema waziwazi ili usije ukadai hukujua.

Hosiyat


Margilan, 17 Mei 1998

Hosiyat,

Viwavi wa hariri wamejaa nyumba nzima, tunalala uani. Wanakula majani mchana na usiku, kelele kama mvua. Sina nafasi ya barua.

Kwa hiyo mimi nilikuwa naupangusa mkate wa maiti. Kila mwaka, tangu mama alipokufa, nakipanda kigoda na kitambaa safi, nazuia pumzi ili usimeguke. Nilikataa kazi ya kiwanda Tashkent, nilikataa nyumba mpya waliyotugawia, kwa sababu akirudi ataikuta nyumba ya nani? Wewe ukajua, na mama akajua, na mwuza mbegu akajua. Ni mimi tu.

Usiniandikie tena kuhusu bahari. Msumari wa pili sigongi.

Hongereni kwa mtoto.

Ergash

Wifi, mimi Mastura nimeifungua bahasha kabla haijafika posta. Usimkasirikie. Tangu barua yako ije anakwenda kukaa chumba kile, anautazama ukuta, hali vizuri. Jana aliniuliza kama mtu akienda kwa ndege mpaka Istanbul huwa anarudi kwa njia ile ile au nyingine. Anaogopa hutarudi. Kwa mdomo wake hatalitamka hata umkate kidole. Wewe endelea na safari yako.


Urgench, 3 Juni 1998

Ergashjon, mdogo wangu,

Nawasalimu nyote, na viwavi pia.

Umekasirika na una haki. Ungekuwa karibu ningekaa nje ya mlango wako mpaka unifungulie. Kwa kuwa uko mbali, nafanya ninaloweza.

Anayekuletea barua hii ni dereva wa lori la vitunguu, ni mwanafunzi wangu wa zamani, mpe chai. Ndani ya kitambaa cheupe kuna mkate. Leo asubuhi nimeuoka mwenyewe katika tanuri la Azamat, nimeuma upande wa kulia, na kipande kile nimekimeza mbele ya wenzangu wote watatu, wakasema amina. Kwa hiyo jambo limekwisha kufanyika. Mkate ulioumwa hauwezi kurudishwa tanurini.

Usipoutundika, utauweka wapi? Huwezi kuutupa, utaingia katika dhambi. Huwezi kuula, si wako. Ukiwapa kuku, Mastura atakufukuza. Nimekufunga, Ergash. Mkaidi akikutana na mkaidi mwenzie, mkubwa ndiye anayeshinda.

Tunaondoka Tashkent tarehe ishirini. Nikifika uwanjani kabla ya kupanda ndege nitageuka upande wa Fergana, upande wenu.

Dada yako anayekupenda,
Hosiyat


Margilan, 14 Juni 1998

Dada,

Nakuandikia haraka, mpwa wa Mastura anapanda basi la Tashkent, atakukuta uwanja wa ndege. Nimemwambia atafute wanawake wanne wanaobishana.

Mkate wako ulifika mzima. Nikauweka mezani, ukakaa hapo. Kila aliyekuja alikula mikate mingine, akauzunguka. Nikaona kweli hauna pa kwenda.

Msumari wa pili sikugonga. Nimeuteremsha mkate wa baba.

Nimeufunga katika kipande cha kitambaa cha atlasi nilichofuma mwenyewe, rangi ya maji, ingawa sijui maji hayo yana rangi gani. Mchukulie. Ikiwa yeye hawezi kuja kwenye mkate wake, basi mkate uende. Wewe ndiye mwalimu, utajua unafanywaje.

Usiumeze wewe. Usimpe mtu.

Alama ya meno iko upande wa nyuma ya fundo. Uishike vizuri.

Rudi.

Ergash


Urgench, 6 Julai 1998

Mdogo wangu Ergash,

Nimerudi. Naliandika hilo kwanza, salamu zitafuata. Nimerudi jana jioni, kwa njia ile ile, ndege ile ile, na mwambie Mastura ahsante. Mtoto Hayriniso ananitazama kana kwamba mimi ni mgeni, na kweli nimeungua pua.

Mpwa wa Mastura alitupata mara moja, kama ulivyomwelekeza. Pale forodhani kijana mmoja alitufanyia ukali. Alitaka kujua wapi mabegi matupu ya kuletea bidhaa, wapi orodha, tunamdanganya nani. Oydin akamwambia tunaenda kuangalia. Akacheka, akawaita wenzake waje wawaone mabibi wanaokwenda kuangalia. Kisha akafungua mkoba wangu akakuta atlasi yako, akalifungua fundo. Aliuona mkate, akaona meno, akaona jinsi ulivyokuwa mweusi. Akauliza wa nani. Nikamwambia wa baba yangu, wa mwaka arobaini na mbili. Aliuinua kwa mikono miwili hadi kwenye paji la uso, akaufunga upya, fundo lake likiwa bora kuliko lako, akatubebea mikoba mpaka mlangoni.

Istanbul nitakusimulia kwa mdomo, ni kubwa mno kwa karatasi. Tuliona misikiti hadi shingo zikauma. Watu tunaelewana nao nusu, nusu nyingine tunaimaliza kwa mikono. Chai yao wanaitia kwenye vikombe vya kioo vyenye kiuno, na Bibijon alikunywa mpaka mwenye duka akamwonea huruma. Zulhumor alikivunja kiapo siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Amenunua taa ya kuning'iniza darini, yenye vipande vya kioo vingi hata tumeipakata kwa zamu njia nzima. Anadai hakuinunua, aliiangalia kwa muda mrefu hadi mwenye duka akaifunga.

Siku ya nne tukapanda mashua, hadi kijiji cha mwisho mashua inapogeukia. Watu walikuwa wakiwatupia ndege wa baharini vipande vya mkate, na sisi wanne tukaona haya tukatazama pembeni. Kutoka pale tulitembea mpaka tukaona uwazi.

Ergash, nimefundisha neno "upeo wa macho" miaka mingi mno kuliko haki yangu. Sikulijua. Bahari haina ng'ambo. Inakuja na kurudi, inakuja na kurudi, na hakuna anayeisukuma. Nilikaa chini juu ya mawe. Wenzangu wakakaa.

Nikachovya kidole, nikakilamba. Sikuweza kucheka kama yeye. Nililia, nikamwambia kwa sauti, "Baba, nimeamini."

Kisha nikaufungua mkate, nikamwambia baba kwamba umetumwa na mwanawe ambaye hakumwona, nikauweka majini. Mawimbi yakaurudisha miguuni pangu. Nikauweka tena, yakaurudisha tena, meno yakiwa yameelekea kwangu. Nikasema huyu ni yeye kweli, Ergash amerithi ubishi kwa mtu. Ndipo Bibijon, ambaye hajawahi kuingia hata mferejini, akapandisha gauni, akauchukua, akaingia mpaka kiunoni, akausukuma nje kwa mikono yote miwili, akaanguka. Tulimvuta kwa kitambaa chako cha atlasi. Tulipomaliza kumvuta na kumcheka, mkate ulikuwa umeshalainika. Ndege wawili walishuka. Oydin alitaka kuwafukuza, nikamwambia waache. Mkate ni wa kuliwa.

Nilibaki mpaka haukuonekana tena.

Kitambaa chako kililowa bahari. Sikukisuuza. Nimekiacha kikauke chenyewe, na nakuwekea ndani ya bahasha hii. Utakiona kimekakamaa na kina madoa meupe. Usikifue.

Sina zawadi nyingine, tuliapa.

Hosiyat


Margilan, 30 Julai 1998

Dada,

Nakusalimu, na Hayriniso mdogo, na hao wenzako, hasa yule aliyeanguka. Mastura amemfumia soksi za kwenda baharini, sijui kwa nini soksi. Goti lake limetulia na joto. Binti wa jirani ameolewa akiwa amevaa hariri yangu, pilau ilikuwa na chumvi haba.

Mtaa mzima unajua ulikwenda Istanbul ukarudi mikono mitupu. Mwanzoni walicheka. Sasa wanakuja kuniuliza kama kweli hakuna ng'ambo. Nawaambia dada yangu ameona, haina ng'ambo wala kitu. Jana kinyozi alibisha, nikamwambia asiyefika asibishe.

Mkate wako uko kwenye msumari. Ule ule. Panya hawajaugusa, mimi nimeugusa mara moja kuupangusa vumbi, na Mastura amenikataza nisiupanguse, anasema mwenyewe yuko hai, atakuja. Umekuwa mgumu kama tofali. Uje na meno yako yote. Nitakuja kukupokea kituoni, na ukichelewa nitapanda treni nikufuate huko huko jangwani, sijawahi kupanda treni kwa hiari yangu, tutaona.

Kitambaa kimefika. Nilikaa nacho chumbani kwa mama nimefunga mlango, mzee mzima, nikatazama kushoto na kulia.

Nimekilamba. Ni chumvi kweli.

Ergash